Picha Moja au Mfululizo? Fundisho kutoka Viwanja vya Jangwani

Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha somo la michezo huhimizwa kila mara atumie picha. Ushauri huo ni mwema, lakini ni nadra kuelezwa picha hizo zipatikane kwa njia gani. Siku hizi wanachuo wengi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wana simu zenye kamera, na kwa hiyo hawana haja ya kungojea picha za vitabuni. Katika makala haya nakusudia kueleza njia mbili za kupiga picha za michezo: kupiga picha moja kwa wakati uliochaguliwa, na kupiga picha nyingi kwa mfululizo. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba ujuzi unaotakiwa katika njia hizo ndio ule ule unaotakiwa darasani.

Nililelewa Jangwani, karibu na makutano ya mtaa wa Twiga na mtaa wa Jangwani, yalipo makao makuu ya klabu ya Young Africans iliyoanzishwa mwaka 1935. Watani wao Simba, walioanza mwaka 1936, wako mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa mpiga picha, na siku za mechi alikaa nyuma ya goli na kamera yake ya filamu. Filamu yake ya milimita 35 ilikuwa na nafasi za picha 36. Mchezo ni dakika 90. Ukigawanya utaona kwamba alikuwa na picha moja kwa kila dakika mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo, fikiria hali ya mpiga picha wa tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Kila alipobonyeza kitufe alipunguza akiba yake, na alilipia filamu na kuisafisha kabla hajajua kama amepata kitu. Mzee wetu alikuwa akituambia sisi watoto kwamba mpiga picha akisubiri mpaka alione bao, picha yake imekwisha kupita.

Maneno hayo yanaweza kuthibitishwa kwa hesabu rahisi. Mpira uliopigwa kwa nguvu huweza kwenda mita 25 kwa sekunde. Mkwaju wa penalti hupigwa kutoka mita 11, kwa hiyo mpira wa kasi hiyo hufika golini kabla nusu sekunde haijatimia. Mtu anapoona jambo na kuamua kubonyeza kitufe, kidole chake huchelewa kwa kiasi cha moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo mpira umekwenda mita 5, yaani karibu nusu ya safari. Anayengoja kuona ndipo abonyeze atapata picha ya mpira uliokwisha kuondoka.

Je, mfululizo hauondoi tatizo hili? Katika njia hiyo mpigaji hushikilia kitufe, na kamera hupiga picha nyingi ndani ya sekunde moja. Tuchukue kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde. Kati ya picha moja na ya pili mpira wetu husafiri mita mbili na nusu. Mguu na mpira hugusana kwa muda wa karibu moja ya mia ya sekunde. Basi, katika mikwaju 10, mfululizo huo utanasa mguso wenyewe mara moja hivi, na mara 9 zilizobaki mguso utapita katika pengo kati ya picha mbili. Ni kweli kwamba vyombo vinazidi kuboreshwa. Kamera ya Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, hupiga picha 120 kwa sekunde, na mguso hauponyoki kwa urahisi mbele yake. Hata hivyo, kamera hiyo haijui imwelekee mchezaji yupi wala ianze lini. Mtu ndiye huamua hayo, na baadaye yeye huyo ndiye huketi kuchagua moja kati ya mamia.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanachuo wangu viwanja vya Jangwani alasiri, vijana wa mitaani walipokuwa wakifanya mazoezi. Tuliomba ruhusa kwa kocha wao na kwa vijana wenyewe, jambo ambalo kila mwalimu lazima alifanye kabla ya kumpiga mtu picha. Tulisimama tukilipa mgongo bonde kwa upande wa Magomeni, ili jua la jioni liangukie nyuso za wachezaji. Kundi la kwanza lilitumia mfululizo. Kundi la pili liliruhusiwa picha moja tu kwa kila mkwaju.

Kundi la kwanza lilirudi na mamia ya picha, na kazi ya kuzichambua iliendelea mpaka usiku. Kundi la pili lilirudi na picha chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za goli tupu au vumbi. Lakini mwanachuo mmoja wa kundi hilo alipata picha ambayo sote tuliisogelea: mguu juu ya mpira, na nyuma yake uso wa golikipa aliyekwisha kuchagua upande. Nilipomuuliza alivyofanya, alieleza kwamba aliwahi kuwa golikipa shuleni, na kwamba hakuutazama mpira kamwe. Aliitazama miguu ya mpigaji, na alianza kubonyeza hatua moja kabla ya mguu wa kuegemea kukanyaga kando ya mpira. Aliujua mchezo, na kwa hiyo aliweza kubonyeza kabla jambo halijatokea.

Isidhaniwe, kwa sababu hiyo, kwamba mfululizo ni njia ya wavivu. Mfululizo una kazi yake iliyo ya maana sana kwa mwalimu. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa safu. Farasi wa Leland Stanford, aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo, alipopita mbio alikata nyuzi zilizofyatua kamera hizo moja baada ya nyingine. Picha zilionyesha kwamba kuna wakati farasi huinua kwato zote nne kutoka ardhini, tena wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamezoea kumchora akiwa ameinyoosha mbele na nyuma. Jicho la binadamu lilikuwa limeshindwa kwa karne nyingi. Mfululizo wa picha ukaligawa tendo katika sehemu zake.

Kwa hiyo, mwalimu anayetaka kufundisha kuruka chini au kurusha tufe atumie mfululizo. Achague picha nne au tano tu, azipange kwa utaratibu, kisha awaulize watoto ni nini kimebadilika kati ya hii na ile. Anayetaka watoto wazungumze au waandike insha atumie picha moja yenye wakati wake: uso wa golikipa, au mkono wa mchezaji anayemwinua mpinzani wake aliyeanguka. Picha ya namna hiyo humfanya mtoto aulize yaliyotangulia na yatakayofuata.

Sasa nihamie darasani. Nikikagua mazoezi ya kufundisha huwaona wanachuo wakifyatua maswali kama kamera iliyoshikiliwa kitufe: swali, jibu la mtoto wa mbele, swali jingine. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichapisha matokeo kwamba walimu aliowachunguza walingoja kwa wastani wa sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya walianza kujitokeza. Wingi wa maswali huacha mapengo kama wingi wa picha, na mtoto aliyekaribia kuelewa hupita ndani ya pengo hilo bila kuonwa. Mwalimu anayelijua somo lake vizuri hujua mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu hukwama katika kutoa kwa kukopa. Hufika hapo mapema, huuliza swali moja, na hungoja.

Kungoja huko kusiishie kwa wale wa mbele. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa muda wa saa 2 na dakika 20. Ndugu yetu John Stephen Akhwari, aliyekuwa ameanguka na kuumia, aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bendeji. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini baadhi ya wapiga picha walikuwapo bado. Kwa sababu hiyo ulimwengu unamwona Akhwari hata leo.

Katika kila darasa yupo mtoto atakayefika baada ya wengine. Nawashauri wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wafanye zoezi hili. Katika andalio la somo, kando ya kila hatua, waandike jina la mtoto mmoja watakayemtazama na jambo watakalolitafuta kwake. Somo likiisha, waandike walichokiona kabla ya kengele ya kipindi kingine. Daftari hilo waje nalo chuoni, tulisome pamoja.