Kitoweo cha Bonde la Lambwe

Nikitoka Migori kwenda Homa Bay nilipitia Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, makazi ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa. Nyasi humzidi mtu kimo, na vichaka vimeshonana hata mnyama aliye karibu haonekani. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mtega waya angalipo. Waya hauchagui: humnyonga korongo mwenye mimba sawasawa na paa. Nasi twajua kuwa mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ni haramu. Jioni niliandaliwa kitoweo cha porini. Nikauliza kilivyochinjwa, mwenyeji akainamisha macho. Nikamshukuru, nikala ugali kwa chumvi. Kuuliza si utovu wa adabu.