Karatasi ya Karanga

Fumbo la kwanza la maneno nililolijaza lilikuja nyumbani likiwa limebeba karanga. Ilikuwa Likasi, miaka ya 1980, mkoa wetu ukiitwa Shaba na nchi yetu Zaire. Katika soko la Kikula, akina mama walikunja kurasa za magazeti ya zamani ya Ulaya mithili ya pembe, wakatia karanga za kukaanga. Baba alichagua kwa macho kabla ya kulipa, na hakuwa akichagua karanga. Alikuwa akitafuta ukurasa wenye mokruaze, yaani fumbo la maneno.

Jioni, baada ya bukari, yaani ugali, alikunjua karatasi mezani, akaifuta chumvi kwa kiganja. Mafuta ya karanga yaliifanya ing'ae hata maandishi ya upande wa pili yakaonekana. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa sekondari, alishika kalamu ya biki. Mimi nilishika kamusi ya Larousse, kongwe kiasi kwamba mji wetu ulikuwa bado unaitwa humo Jadotville, jina lililofutwa mwaka 1966.

Baba ndiye aliyenifundisha kanuni. Mistari ya mlalo ina namba za Kirumi, ya wima ina tarakimu za kawaida, na alama za juu ya herufi za Kifaransa hazihesabiwi. Nikayapenda yale maneno mafupi ambayo hakuna anayeyasema barabarani, lakini bila hayo jedwali halifungiki: Ur, mji wa kale wa Wakaldayo, Io, mpenzi wa Zeus, aï, mnyama mvivu wa Amerika Kusini. Na siku kidokezo kilipouliza alama ya shaba, nyumba nzima ilipiga kelele: CU! Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru. Shaba ndiyo iliyotulisha.

Shida yetu ilikuwa moja. Chini ya kila jedwali waliandika kwamba majibu yatatoka katika toleo lijalo. Toleo lijalo halikufika Kikula hata mara moja.

Nakumbuka jioni moja kuliko zote. Mlalo, herufi tano: tanzia ya Voltaire. Herufi ya mwisho, E, tulikuwa nayo tayari. Yaya hakusita. Voltaire aliandika tanzia iitwayo Irène, aliisoma darasani. Akaandika IRENE kwa biki, akakoleza. Ilienea barabara katika visanduku vitano, nasi tukafurahi.

Baba hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye I ya mwanzo, akashuka nacho wima. Herufi mbili: alama ya zinki.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote, "zinki huandikwaje?"

Nilijua, maana metali tulizijua kama majina ya majirani. "ZN, Baba."

"Basi hiyo tanzia inaanza na Z."

Yaya akapekua Larousse mpaka kwa Voltaire, akanyamaza. Zaïre, 1732. Jina la nchi yetu lilikuwa jina la binti katika mchezo wa Mfaransa aliyekufa zamani. Ilibidi aandike ZAIRE juu ya IRENE, na kwa kuwa wino wa biki haufutiki, herufi zilinenepa kama zimevimba. Tangu siku hiyo tulitumia penseli.

Mimi nilipata funzo kubwa kuliko la penseli. Jibu linaweza kuenea visanduku vyote na bado likawa kosa. Linakuwa kweli pale neno linalolikata linapokubaliana nalo. Tulikosa ukurasa wa majibu, tukajifunza kuuliza kila herufi mara mbili, mlalo na wima. Baadaye nilisoma kwamba fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Limetembea njia ndefu kufika kwenye karanga zetu.

Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kutunga la Kiswahili. Niliweka SHABA juu. Kutoka A ya kwanza nikateremsha ASALI. Kutoka B, iliyo jirani yake, nikateremsha BARUA. Nikampelekea Baba, wakati huo mzee, miwani puani. Alisoma ASALI, akatabasamu. Akasoma BARUA. Kisha kidole kikaanza kutembea kwa mlalo.

"Mama, SA ni nini? Na AR? Na LU?"

Sikuwa nimetazama upande huo. Tukakaa mpaka taa zikawashwa, tukagundua pamoja kwamba maneno yetu hutaka kuishia kwenye irabu, kwa hiyo kisanduku cheusi lazima kijue pa kusimama. Tukaiondoa BARUA. Tukateremsha ARDHI kutoka A ya mwisho, tukaacha safu nyeusi katikati. Baba akapitisha kidole mlalo, akakipitisha wima, ndipo akaomba penseli aandike.