Meli kubwa au kivuko kidogo? Safari ya kwanza ya mtoto ziwani

Mji wa Musoma umezungukwa na ziwa pande tatu. Mkazi wa Mukendo hahitaji kutembea sana ili kuyaona maji. Hata hivyo, wapo watoto wa mjini hapa wanaofika darasa la nne bila kupanda chombo chochote cha majini. Safari zao zote ni za basi: Bunda, Tarime, Mwanza. Siku wazazi wanapoamua kuwavusha ziwa kwa mara ya kwanza, swali huanza: waanze na meli kubwa au na chombo kidogo cha karibu?

Swali hilo lilikaa wiki mbili katika nyumba moja ya Mukendo kabla ya likizo ya Desemba. Baba wa nyumba, fundi seremala, alitaka familia ipande meli kutoka Mwanza kwenda Bukoba, kwa dada yake. Watoto wao wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita, walikuwa wameshaahidiwa kulala kitandani majini na kuamka wakiwa Kagera. Mama alitaka waende Ukerewe kwa mama yake mzazi, wapite Bunda hadi Kisorya, kisha wavuke kwa kivuko hadi Rugezi. Kwa baba, kivuko hakikuwa safari. Alikiita daladala ya majini.

Mama alikuwa na sababu yake, ingawa hakuisema mbele ya watoto. Mjomba wake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Yeye alikuwa na miaka minne wakati huo, na anachokumbuka ni kwamba baada ya msiba ule ziwa halikutajwa tena nyumbani kwao. Hakufundishwa kuogelea. Alikatazwa hata kuchezea maji ya ufukweni. Sasa alijiona akiwalea wanawe vilevile, na hilo lilimsumbua kuliko safari yenyewe.

Baba naye alikuwa na hoja. Kilichozama karibuni kilikuwa kivuko, tena kidogo. Kila mmoja alikuwa na msiba wa kumwonyesha mwenzake.

Misiba miwili, sababu moja

MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430 hivi. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni wangapi walikuwa ndani.

MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018. Hiki kilikuwa kivuko kati ya Bugolora, Ukerewe, na Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio, na walikufa watu 228, zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Waliookolewa ni 41. Chombo kilipinduka mita chache tu kabla ya gati.

Mmoja ulikuwa mkubwa, mwingine mdogo. Vyombo vyote viwili vilibeba kuliko uwezo wake, na vyote vilikuwa vimekaribia kufika. Mzazi anayesema “meli kubwa haizami” na anayesema “kivuko ni karibu, hakuna shida” wote wanategemea kitu ambacho hakikumsaidia mtu siku hizo mbili.

Hii haina maana kwamba vyombo vyote ni sawa. MV Victoria, iliyotengenezwa Uskochi, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa abiria 1,200. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na uwezo wa abiria 1,200 pia. Meli za namna hiyo hustahimili mawimbi ambayo yangeirudisha boti ya mbao ufukweni. Ziwa Victoria lina tabia ya kutoa dhoruba kali usiku na alfajiri, na meli ya Bukoba husafiri usiku. Kwa saa hizo, ukubwa una faida.

Lakini faida hiyo hupatikana pale tu idadi ya abiria na mizigo inapoheshimiwa.

Mwili wa mtoto unasemaje

Ukiacha usalama, kuna afya, na hapa ndipo tofauti ya kubwa na ndogo inaonekana wazi.

Kichefuchefu cha safari hutokea pale masikio yanapoliambia bongo kwamba mwili unayumba huku macho yakisema umetulia. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na mbili ndio wanaopata shida zaidi. Wachanga huipata mara chache. Meli kubwa huyumba polepole, hasa ukikaa katikati yake na chini, karibu na usawa wa maji. Lakini safari yake ni ya saa nyingi, na mtoto akianza kutapika saa mbili usiku hakuna pa kushukia. Kwenye kivuko, kuyumba kunaweza kuwa kukali zaidi, ila baada ya muda mfupi mnakanyaga nchi kavu.

Meli kubwa ina choo, kivuli na mahali pa kulala. Pia ina watu wengi wanaoshika vishikizo vilevile na kutumia choo kilekile. Dunia iliona jambo hilo Februari 2020, pale meli ya matembezi Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani. Kati ya watu zaidi ya 3,700 waliokuwamo, zaidi ya 700 waliambukizwa UVIKO-19. Kwa mzazi wa kawaida tatizo ni dogo kuliko hilo lakini ni la jamii moja: kuhara. Sabuni, maji safi ya kunywa na pakiti mbili za ORS kwenye mkoba vina kazi kubwa kuliko biskuti.

Boti ndogo nayo ina mambo yake. Jua la ziwani huunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Na pale ambapo hakuna gati, abiria huingia majini ili kupanda. Maji hayo ya ufukweni ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Vimelea hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi maumivu, na dakika chache zinatosha. Mtoto abebwe, asitembezwe majini. Akiwa ameshaingia, kisha wiki chache baadaye akalalamika tumbo au ukaona damu kwenye mkojo au choo, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba alikanyaga maji ya ziwa. Dawa ipo, ndiyo ileile ambayo watoto hugawiwa shuleni.

Jumamosi ya kujaribu

Mama wa Mukendo ndiye aliyetoa wazo lililomaliza ubishi. Kabla ya Bukoba na kabla ya Ukerewe, wangeteremka Mwigobero, wapande kivuko hadi Kinesi upande wa Rorya, na kurudi siku hiyohiyo. Nauli ni ndogo, mji unaonekana muda wote, na ikishindikana wanarudi nyumbani kula mchana.

Safari hiyo fupi iliwafundisha mambo ambayo wasingeyajua wakiwa wamekaa sebuleni. Mtoto mdogo alikaa akichezea simu ya baba yake na akatapika kabla ya kufika. Mkubwa alisimama na mama akitazama milima ya ng’ambo, hakupata lolote. Wakati wa kurudi simu ilibaki mfukoni. Mdogo aliambiwa aangalie nchi kavu, akala kipande cha mkate mkavu, akafika salama.

Jambo la pili lilihusu jaketi okozi. Baba alimvalisha mdogo jaketi, likaonekana limekaa vizuri. Mama alilishika mabegani na kulivuta juu, likapanda hadi masikioni. Lilikuwa la mtu mzima. Majini, mtoto angechomoka humo kama kitambaa. Wakaomba jingine dogo. Jaribio hilo la kuvuta mabegani halichukui hata nusu dakika, na mzazi anaweza kulifanya kwenye chombo chochote, kiwe cha abiria 20 au 1,200.

Jambo la tatu lilimhusu mama mwenyewe. Alikuwa ameshika reli kwa nguvu hadi viganja vikamuuma, na mwanawe mkubwa akamuuliza kama anaumwa. Alimjibu kwamba anaogopa kidogo, na kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akasafiri. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza habari za ziwa na mtoto huyo.

Boti iliyofika salama

Ukerewe walikwenda. Bibi aliwapokea na sato, wakakaa siku tisa. Mtihani ulikuja wakati wa kurudi. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, jirani aliwaambia kuna boti ya mbao inayoondoka mwaloni kuelekea upande wa Majita. Wangeokoa muda na nauli, na watoto wangewahi kupumzika kabla ya shule. Baba alikubali haraka.

Walipofika mwaloni, boti ilikuwa imejaa magunia ya dagaa na watu wamekaa juu yake. Mama alihesabu abiria, kisha akatafuta jaketi kwa macho. Aliona manne. Upepo wa mchana, ule unaovuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, ulikuwa umeanza. Alimwambia mumewe, “Baba watoto, sisi hatupandi.” Alisema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe. Mume alinyamaza, akatazama maji, akachukua begi lililokuwa limeshapakiwa.

Boti ile ilifika salama. Jirani alipiga simu jioni kuwaeleza, na ndani ya sauti yake kulikuwa na kicheko kidogo. Wao walilala siku moja zaidi, wakarudi kwa njia ya Rugezi na Kisorya, wakafika Musoma usiku wakiwa wametumia fedha zaidi. Watoto walikwenda shule siku ya kwanza wakisinzia.

Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Ukikataa chombo na kikafika, unaonekana mwoga. Lakini vyombo vilivyojaa kupita kiasi mara nyingi hufika, na ndiyo sababu vinaendelea kujazwa. MV Nyerere nayo ilikuwa imefika siku nyingi kabla ya Septemba 20. Uamuzi wa mzazi upimwe kwa alichokiona akiwa nchi kavu: watu wangapi, mizigo kiasi gani, jaketi ngapi, upepo upi. Simu ya jioni haiwezi kuugeuza uamuzi sahihi kuwa kosa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hajui kuhesabu abiria. Anayehesabu kwa niaba yake ni mzazi.

Kabla hujakanyaga chombo

Kwa safari ya kwanza, chagua njia fupi ya mchana ambayo mnaweza kuighairi bila hasara kubwa. Mkijuana na maji, meli kubwa ya usiku itakuwa raha. Kisha, kwa chombo chochote:

Soma uwezo wa abiria ulioandikwa kwenye chombo, kisha tazama watu. Usione haya kuuliza.

Hakikisha kila mtoto ameandikwa kwenye orodha ya abiria kwa jina, hata yule asiyelipa nauli. Kumbuka daraja la tatu la MV Bukoba.

Kwenye boti na kivuko, mtoto avae jaketi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye meli kubwa, jua zilipo za watoto na mjaribishe kabla meli haijang’oa nanga.

Mkikaribia gati, kaeni mlipo. Abiria wakikimbilia upande mmoja, chombo kilichojaa hupoteza mizani.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa watumiaji wa ziwa, na muulize nahodha kuhusu upepo wa siku hiyo.

Mkubaliane mapema, baba na mama, kwamba mmoja wenu akisema “hatupandi”, mwingine habishani naye mbele ya gati. Majadiliano yatafanyika baadaye, mkiwa nchi kavu.