Safari Yetu ya Munnar, Nchi ya Chai

Wengi wenu hunywa chai kabla ya kwenda kazini au shuleni, na wale wa Kivu huiona ikimea milimani kwao. Leo twapenda kuwasimulia habari za milima mingine ya chai, iliyo katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Tulikwenda huko sisi wawili, mume na mke, kuyazuru makanisa ya Wakristo ambao, kwa mapokeo yao, waliletewa imani na Mtume Tomaso mwenyewe mwaka 52.

Alfajiri moja tuliondoka Kochi, mji ulio kando ya bahari, tukapanda basi kuelekea milimani. Safari ni ya kilometa 130 hivi, lakini ilitushika muda wa saa tano, kwa maana barabara yapanda ikijizungusha kama nyoka. Minazi ikabaki nyuma, joto likapungua, ukungu ukaingia madirishani, hata mama wa nyumba yetu akajifunika kitenge cha pili. Ndipo tukafika Munnar, mji mdogo ulio penye kimo cha mita 1,500 na zaidi. Maana ya jina lake ni «mito mitatu», kwa kuwa mito mitatu yakutana hapo. Karibu yake wasimama mlima Anamudi, wenye mita 2,695, unaoipita milima yote ya India ya kusini.

Kesho yake katekista mmoja alitupeleka mashambani. Tulisimama kimya. Kila kilima kimevikwa chai tangu chini hata juu, nayo imekatwa sawasawa, na kati ya vichaka vyake vipo vijia vyembamba apitamo mchumaji. Wanawake walikuwa wakikata majani machanga kwa mikasi mikubwa, na migongoni mwao magunia yamejaa. Basi tukainua kamera.

Mama mmoja, wa umri kama wa mama zetu, akatuzuia kwa mkono. Akanena kwa Kitamili, naye katekista akatufasiria: «Kwanza mwanamke mwenzangu abebe gunia langu, kisha mpige picha.» Mama wa nyumba yetu hakukataa. Alilitwika, akashuka hatua chache, miguu ikamtetemeka penye utelezi. Wanawake wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini kamera tuliirudisha mfukoni.

Walipopumzika, yule mama alitueleza maisha yao. Wazee wao walikuwa watu wa nchi tambarare ya Watamili. Waliletwa huku juu Waingereza walipofungua mashamba, mwishoni mwa karne ya 19. Majani wanayochuma hupelekwa kiwandani, huachwa yanyauke, husagwa na kusokotwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto. Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Familia hukaa katika nyumba za safu zilizo mali ya shamba, na mfanyakazi anapostaafu, yampasa kuiacha nyumba aliyozalia watoto wake. Tena mlima wenyewe una hatari: usiku wa tarehe 6 Agosti 2020, mvua kubwa iliporomosha udongo juu ya nyumba za namna hiyo huko Pettimudi, watu 70 wakapotea.

Hata hivyo si watu wa kulia tu. Mwezi wa Septemba 2015 maelfu ya wanawake hao waliacha kazi, wakakaa barabarani Munnar muda wa siku 9. Mshahara ulikuwa rupia 232 kwa siku, na bakshishi ya mwaka ilikuwa imepunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Waliwakataa hata viongozi wanaume wa vyama vya wafanyakazi, wakajiita Pembilai Orumai, yaani Umoja wa Wanawake. Bakshishi yao ya asilimia 20 ikarudishwa. «Nami nilikuwapo,» akasema yule mama, akajipiga kifua.

Kisha akatuuliza neno moja: «Na kwenu, mwenye kulima hulipwa kwa siku yake?»

Tulitazamana, tusijibu. Nyumbani tulikuwa tumemwacha kijana anayelima shamba letu la mihogo, naye alikuwa akitudai mshahara wa miezi miwili. Tulimwambia angoje mpaka turudi, kwa sababu fedha zilihitajika kwa safari. Safari ya kuhiji!

Jumapili tulisali katika kanisa la Mama wa Karmeli, lililo juu ya kilima mjini. Mapadri walipokuwa wakigawa Komunyo, tulibaki kitini sote wawili. Hakuna aliyemwuliza mwenzake sababu.

Siku tuliyofika nyumbani, kabla ya kufungua mizigo, tulikwenda kwa kijana yule na fedha yake yote, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Alipokea kwa mikono miwili, akatukaribisha kuketi, na mama yake akatuletea chai. Tuliinywa polepole.