Karatasi tatu, mtu mmoja

Mdogo wangu alikimbia Djugu mwaka 2018. Tangu hapo anakaa kwangu, hapa kartiye Lumumba. Ni fundi wa kompyuta, na ametengeneza programu ndogo ya kuhesabu dawa na madeni ya farmasi.

Mama wa kwanza kuijaribu alitoa mkono kwenye mashini upesi. Windows ilikuwa imemwandikia kwamba mtengenezaji hajulikani. "Mtoto, unaniletea virusi?"

Ili jina lake lionekane pale, ilibidi programu itiwe sahihi ya kidijitali. Kuna makampuni ya ng'ambo yanayotoa cheti cha sahihi hiyo. Mtu akiichezea programu njiani, sahihi inaharibika na inajulikana. Lakini kwanza wanachunguza kama biashara yako ipo kweli.

Walitukataa mara mbili. RCCM, lile daftari la biashara, iliandika jina lake na "h". Karatasi ya kodi haikuwa na "h". Kadi ya mchaguzi ilikuwa imegeuza majina, la mwisho mbele. Kwetu karani anaandika anavyosikia na hakuna anayeshangaa. Kwa mtu wa mbali hao ni watu watatu. Halafu anwani: RCCM ingali inataja duka la Djugu, ambako hakuna tena mlango wa kubisha.

Rafiki mmoja akasema tutumie karatasi za kampuni ya Kampala, mambo yaishe. Mimi, nakiri, nilikubali. Mdogo wangu alikataa. "Yaya, nyumba walichoma. Na jina nalo nilitupe?"

Basi tukaanza upya. Wewe mhami mwenye biashara, sikiliza hapa. Kama karatasi zilibaki kule, tafuta kwanza cheti cha kupotelewa na vitambulisho. Halafu barua ya shefu wa kartiye inayosema unakaa wapi sasa. Ndipo uende kubadilisha anwani katika RCCM, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye kadi yako. Karatasi ya kodi ifuate. Mwisho tulienda kwa notere, na tukaomba namba ya simu iandikwe ndani ya barua yake, kwa sababu wale watu hawapigi namba unayowapa wewe tu. Wanataka waikute kwenye karatasi ya kuaminika.

Walipiga jioni, umeme umekatika, simu ina chaji kidogo sana. Alijibu Kifaransa amesimama uani, sisi wote tumenyamaza, hata watoto.

Tangu Juni 2023 ufunguo wa sahihi hiyo lazima ukae ndani ya kifaa, na chetu kinafanana na flashi. Kilifika kwa mkono wa msafiri aliyepitia Kampala.

Wiki iliyopita tulirudi farmasini. Mama alisoma jina kwenye kioo polepole, akamwangalia mdogo wangu, akalisoma tena. Kisha akauliza ni bei gani kwa mwezi.