Ganda Gani?

Mpwa wangu ni mwalimu wa sekondari, na haipiti wiki asiniletee ajabu moja ya dunia katika simu yake. Mara ni treni ya Wajapani ambayo mhandisi wake, mpenzi wa kutazama ndege, aliifanyia pua kwa mfano wa mdomo wa mdiria, ili itokapo katika tundu la mlima isipige kishindo cha kuwatoa watu usingizini. Mara ni nyumba, mara jiwe, mara kijiko. Mimi huyanakili yote katika daftari, na daftari hilo nimelipa jina la Beit-al-Ajaib, kwa kulitania lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo wazee wetu walikwenda kulistaajabia taa za umeme na lifti. Jumba lenyewe liliporomoka upande mmoja mwezi wa Disemba 2020. Daftari langu, alhamdulillahi, limepungukiwa jalada tu.

Nakiri mbele ya msomaji kwamba mimi si msomi wa vyuo. Skuli niliiacha kidato cha pili. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyokosa herufi za mwanzo na kwa magazeti ya kufungia bidhaa, na ushairi niliuokota barazani, kwa kuwasikiliza watu wazima wakijibizana. Riziki yangu nyengine ni tafsiri: karatasi za dawa, miongozo ya kilimo, hadithi fupi za watoto. Kwa hivyo mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, hii nitilie Kiswahili nikawasomee wanafunzi," sikuona shida yoyote.

Ilikuwa ni khabari ya pweza. Katika bahari ya Indonesia, upande wa Sulawesi ya kaskazini na Bali, wapiga mbizi wa kisayansi walimfuatilia pweza wa aina moja tangu mwaka 1999 hadi 2008, na mwaka 2009 wakaandika walichokiona. Pweza huyo huokota vile vipande vya nazi wanavyotupa watu wa pwani, akavipuliza mchanga, akavipanga kimoja ndani ya chengine kama mabakuli kabatini, kisha akavikalia. Mikono yake huipitisha nje ya ukingo, akaikaza kama mirija, akaondoka nao mzigo kwa mwendo wa mtu aliyepanda mironjo. Akiona hatari hukigeuza kimoja juu ya chengine na kujifungia ndani. Kilichowashangaza mabwana wale ni kwamba wakati wa kubeba, mzigo haumfai kitu. Humchosha na kumchelewesha. Anaubeba kwa ajili ya baadaye. Mnyama asiye na mfupa hata mmoja, anaweka akiba ya nyumba.

Nilitafsiri kwa usiku mmoja. Nilipofika kwenye kile anachokibeba pweza, niliandika "ganda la nazi", nikaendelea mbele bila ya kusita.

Siku ya pili nilimsomea shangazi yangu. Ana miaka themanini na kitu, na katika ujana wake hakuna bamvua iliyompita asiwe mwambani na kijiti chake cha pweza. Nilidhani atafurahi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mpaka nikafika pale.

"Ganda gani, mwanangu?"

"La nazi, shangazi."

"Nimesikia la nazi. Kumbi au kifuu?"

Nikamjibu kwamba yote ni maganda. Akacheka, wala hakucheka kwa wema. "Pweza akibeba kumbi litampandisha juu kama chelezo. Huyo amebeba vifuu. Kifuu kikiingia maji kinazama, kinatulia chini. Hukuona wewe?"

Niliona maisha yangu yote. Nimezaliwa chini ya minazi. Lakini kalamuni nilikuwa nimekaa upande wa Kiingereza, nikatazama nazi kama anavyoitazama mtu aliyeikuta dukani imeshafuliwa. Huko neno moja pana humtosha mwenye haraka. Kwetu mwenye haraka anachekwa. Mtoto wa shamba hatamki "nazi mbichi" na akaeleweka: ataulizwa ni kidaka, kile kichanga kinachodondoka kwa upepo, au kitale, kilichokwishajaa maji lakini hakijashika nyama, au dafu, au koroma, ambayo si ya kunywa tena wala si ya kukuna bado, au ndiyo nazi yenyewe. Ikikaukia ndani ikabanduka ni mbata. Shangazi huzijua kwa kuzigonga kwa kucha na kuzitikisa sikioni, na sikumkumbuka kukosea.

Na kumbi si kifuu hata kidogo, kwa sura wala kwa kazi. Kumbi ndilo linaloielekeza nazi baharini, ikaelea na kwenda pwani ambayo mama yake haijui. Hata hivyo si nazi zote zilizosafiri kwa miguu yao. Mwaka 2011 ulitoka uchunguzi wa nazi zaidi ya 1,300 za kila upande wa dunia, ukaonesha kwamba zina koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na moja ya Pasifiki. Lakini Bukini na Ngazija wachunguzi walikuta damu zimechanganyika, kwa kuwa mabaharia wa Asia ya kusini-mashariki walizipakia vyomboni mwao walipokuja. Ni watu hao hao walioleta Bukini lugha ambayo jamaa zake wa karibu wako Borneo. Nazi na lugha zilikuja jahazi moja.

Kumbi hilo hilo, Jambiani na Paje, kina mama hulifukia katika mchanga wa maji kupwa na kujaa kwa miezi, likaoza linapotakiwa kuoza, kisha hulifukua na kulitwanga mpaka ubaki usumba mtupu, wakasokota kamba mapajani. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za namna hiyo, bila ya msumari hata mmoja, ikabeba mizigo ya watu na mali zao. Kifuu hakishoni kitu. Kifuu ni kata, ni upawa, ni makaa. Na katika Vita Vikuu vya kwanza makaa yake yalitiwa katika vifuniko vya uso vya askari, yachuje gesi ya sumu.

Hata Marekani neno hili limewatia mashakani, ingawa hawajui. John Kennedy, kabla ya kuwa rais, boti yake ilizamishwa katika Visiwa vya Solomon mwezi wa Agosti 1943. Alichonga ujumbe kwenye kipande cha nazi, na wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wakaupeleka, watu wakaokolewa. Kipande kile baadaye kilikaa juu ya meza yake ya urais. Waandishi wao wengine hukiita kumbi na wengine kifuu, na wote wanaamini wanataja kitu kimoja. Shangazi angelitaka kukishika kwanza.

Nilisema hakucheka kwa wema, na sina budi kueleza sababu.

Mwaka 2006 nilitaka kuchapisha diwani yangu ya kwanza. Mchapishaji hakupatikana, bali mpiga chapa alipatikana, naye alitaka fedha mkononi kwa nakala 500. Nilikuwa na minazi mitatu nyuma ya nyumba, mirefu, aliyoipanda bibi yangu. Kwa desturi yetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na mingi ya miti hiyo, kwa haki, ilikuwa na sehemu ya shangazi. Sikumuuliza. Alikuja mnunuzi wa mbao na msumeno wa injini, na kabla ya adhuhuri yote mitatu ilikuwa imelala.

Mnazi hauchipui tena ukikatwa kichwa. Uhai wake wote uko mahali pamoja, katika moyo mweupe ulio juu kabisa, unaoitwa shaha. Wale vijana wa msumeno waliupasua wakaniletea shaha tatu katika pakacha, kama zawadi. Ni tamu, hutafunika mithili ya lozi mbichi. Nilikula, nikawapa na watoto. Na mimi ni mtu wa barazani, najua vyema kwamba shaha ndilo jina tunalompa mkuu wa malenga. Wakati ule nilicheka peke yangu, nikaona ni bahati njema kwa diwani.

Shangazi alipopita jioni alisimama akatazama vigogo. Akauliza, "Majimoto wamekwenda wapi?" Sikumwelewa. Nilidhani umri. Majimoto kwangu walikuwa wale siafu wekundu wa juu ya miti, wenye kuuma, wanaoshona majani yakawa nyumba: baadhi yao huyavuta majani yakutane, wengine huwashika watoto wao wachanga kinywani na kuwapitisha huku na huku kama mshono, na uzi hutoka kwa mtoto. Miaka mingi baadaye, katika simu ya mpwa wangu, ndipo niliposoma kwamba hapa hapa Unguja, katika miaka ya 1950, mtaalamu wa wadudu Michael Way aliwachunguza majimoto, akaona kwamba minazi wanayoitawala husalimika na kunguni mmoja mwenye kufyonza vidaka na kuvidondosha. Kunguni yule alipewa jina la kitaalamu linalomkumbuka Way. Majimoto ni walinzi. Shangazi alikuwa akiulizia walinzi wa mali yake, nami nilimjibu kwa kumkaribisha chai.

Hakuwahi kunitajia minazi ile kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Diwani iliuza nakala 43. Zilizobaki ziko chini ya kitanda changu, na nyengine zimeshaliwa na mchwa, ambao ndio wasomaji wangu wa kudumu. Lakini siku ile ya pweza, baada ya kucheka, alinyamaza kidogo, kisha akasema, bila ya hasira, "Minazi ukiikata hukuniuliza. Na neno nalo hukuniuliza."

Nilimwomba radhi. Nilichelewa, lakini niliomba, kwa minazi kwanza, halafu kwa neno. Akaniuliza kama mpwa wangu ameshawasomea wanafunzi. Nikasema bado. "Basi litoe lile ganda," akasema. "Watoto wenyewe siku hizi wanaliona tui kwenye paketi. Wakiambiwa ganda watadhani ni lile la paketi."

Mbuzi yake ya kukunia ipo bado, imetundikwa ukutani jikoni, meno yake yameng'aa kwa kutumika. Aliniagiza niiteremshe, kwa sababu nazi ilikuwa tayari na mkono wake haufiki tena. Nikakaa juu ya mbuzi mimi mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini na sita, nikakuna vibaya, naye akanihimiza nisifike kwenye weusi wa kifuu. Vile vifuu viwili vilipobaki vitupu akavichukua, akakifunika kimoja juu ya chengine, akavitazama muda.

"Anaingia," akasema. "Mdogo wake anaingia."

Shangazi hasomi herufi za Kizungu. Alisomeshwa chuoni, na Kiswahili hukisoma kwa herufi za Kiarabu tu. Akataka nimwandikie khabari nzima ya pweza, apate kuisoma mwenyewe bila ya mimi kumsomea na kumficha maneno. Basi usiku ule nilifungua ukurasa mpya katika daftari, nikaanza upande wa kulia. Nilipofika pale kwenye mzigo wa pweza niliandika kaf, kisha fe, nikatia irabu zake moja baada ya moja, asije akalisoma vyengine.