Niliomba Mbalamwezi, Nikapewa Wadudu

Mume wangu ni mtu wa Ukerewe. Tangu tukiwa wachumba aliniahidi kwamba siku moja atanipeleka ziwani usiku, tukavue wote. Ikaja ndoa, wakaja watoto, ahadi ikabaki pale pale. Halafu ikaja Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Mmoja wao alikuwa shangazi yake, yule aliyemlea. Tulikwenda kuzika, tukarudi Dar, na tangu hapo habari za ziwa hazikutajwa tena nyumbani kwetu. Nikiuliza, jibu lilikuwa moja: "Tutaongea." Nyie wenye waume mnalijua hilo jibu.

Kwa hiyo siku aliposema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba twende, sikuuliza mara mbili. Nilifungua kalenda nikachagua wiki ya mwezi mpevu. Nilishajiona kabisa: maji yanameremeta, sisi wawili kwenye mtumbwi, mimi na gauni langu jeupe. Shemeji yangu, ambaye ana mitumbwi ya dagaa, aliposikia tarehe alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Shemeji, mbalamwezi mnakuja kuvua nini? Siku hizo sisi tunashona nyavu na kulala. Njooni giza."

Basi, tukaenda giza.

Moshi usio na moto

Kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu na zaidi kwa meli. Mimi nilikaa nje, nikitazama yale mawe makubwa yaliyobebana kama yamepangwa na mtu. Mume wangu alikaa ndani, mgongo kwenye dirisha, safari nzima. Nilimwacha.

Jioni ilipokaribia, niliona moshi. Nguzo nyeusi ya moshi inapanda kutoka majini, mbele kidogo nyingine, halafu ya tatu. Nikapiga kelele, "Jamani, kuna meli inaungua!" Abiria wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kikapu cha machungwa akanishika mkono. "Wadudu hao, mwanangu. Karibu Ukerewe."

Msomaji, naomba nikueleze, maana mimi mwenyewe nilihisi nadanganywa. Hawa ni wadudu wadogo wanaofanana na mbu, ila hawaumi. Maisha yao karibu yote wanayaishi majini wakiwa funza. Kuna aina ambayo mchana funza wake hujificha kwenye tope la chini, usiku hupanda juu kutafuta chakula. Ukifika wakati, hasa zile siku ambazo mwezi haupo, wanaota mabawa na kutoka majini kwa pamoja, idadi ambayo huwezi hata kujaribu kuhesabu. Madume ndiyo yanayojikusanya na kutengeneza zile nguzo, yakisubiri majike yaje. Wakishapandana, majike hutaga mayai majini, na baada ya siku chache wote wamekufa. Yaani wanapewa siku mbili tatu za mapenzi, basi.

Kule Ziwa Nyasa wadudu wa ukoo huu wanaitwa kungu. Watu huwakusanya, huwaponda na kuwafinyanga kuwa mkate. Sijauonja, na sina haraka.

Nansio tulipokelewa nao. Waliingia machoni, kwenye nywele zangu nilizosuka juzi yake, kwenye chai. Nyumbani kwa shemeji taa zilizimwa zote, tukala ugali wa muhogo na samaki gizani, kila mtu akipapasa bakuli. Asubuhi mke wa shemeji aliwafagia barazani kama unga, na kuku wakala mpaka wakashindwa kutembea.

Mji juu ya maji

Usiku uliofuata, saa mbili, tulishuka ufukweni. Mume wangu alinivalisha koti la kuokolea maisha, akavuta mikanda, akaikagua, akavuta tena. Mara tatu. Lake mwenyewe alilivaa polepole. Shemeji hakusema kitu, akasubiri mpaka mdogo wake alipoweka mguu kwenye mtumbwi, ndipo akawasha injini.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa sola. Zinaelezwa majini juu ya vyelezo, halafu mnakaa mbali kidogo na kungoja. Ndiyo maana mbalamwezi haifai: mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki.

Shemeji alipoziwasha, wadudu walifika kabla sijamaliza kujifunga mtandio. Ukungu mzima, unazunguka, unaanguka, unafunika maji kama pumba. Baada ya muda maji chini ya taa yakaanza kuchemka. Ni dagaa hao, wamekuja kwenye mwanga, wanarukaruka kama sarafu mpya. Dagaa anakula vijidudu vya majini na wadudu walioanguka. Sangara naye anakuja kumla dagaa. Huyo ni mgeni humo, alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, lakini sasa ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo usiku ule ule niliouona mchafu, kwa wenyewe ndio usiku wa neema.

Kwa mbali, taa za mitumbwi mingine zilitapakaa mpaka mwisho wa macho. Ungedhani ni mji.

Tulingoja muda mrefu. Nje ya duara la taa kulikuwa na giza la kweli, lile ambalo mtu wa Dar ameshalisahau. Sikuuona uso wa mume wangu, na yeye hakuuona wangu. Labda ndiyo sababu.

"Alinipigia siku ile," akasema. "Asubuhi, kabla hajakwenda mnadani Bugorora. Nilikuwa kwenye kikao. Nikasema nitampigia mchana."

Miaka yote hiyo nililala pembeni ya mtu huyu na sikuijua habari ya simu hiyo. Nilitaka kusema mambo mengi: kwamba hakuwa na kosa, kwamba shangazi alijua anampenda. Mdudu akaniingia mdomoni. Nikatema, nikamtafuta mkono, nikaushika. Kaka yake, huku mbele, akasema taratibu, "Na mimi alinipigia. Nilipokea. Alitaka tu kujua kama nimekula."

Hakuna aliyeongeza neno. Baadaye wakavuta wavu, dagaa wakamiminika mtumbwini, wakimetameta, wamechanganyika na wadudu. Mume wangu akachukua mshipi, akafunga ndoano jinsi shangazi alivyomfundisha, akautupa nje kidogo ya mwanga. Haukupita muda ukavutwa. Sangara! Shemeji akampima kwa mkono wake. "Huyu hajafika." Chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mume wangu akainama, akamshusha mwenyewe, mkono wake ukazama ziwani mpaka kwenye kiwiko. Akauacha humo kidogo.

Wakati wa kurudi Mwanza tulikaa nje, wote wawili.

Ukitaka kwenda na mwenzi wako

Usafiri: Kuna meli ya Mwanza hadi Nansio, au barabara kupitia Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya. Ulizia ratiba mapema.

Wakati: Kama shida yenu ni picha nzuri, nendeni mwezi mpevu. Kama mnataka kuona uvuvi, nendeni mwezi ukiwa haupo. Wadudu hawana ahadi, lakini giza ndilo lao.

Kwenye mtumbwi: Panda na mvuvi anayefahamika, na usipande bila koti la kuokolea maisha hata kama wenyeji wanacheka. Beba mtandio na miwani. Mwenye pumu au mzio abaki ufukweni, wadudu wakiwa wengi hata kuvuta hewa ni kazi.

Cha kusoma: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni ya mume aliyekataa kuachana na mkewe.

Na gauni jeupe, mwenzangu, liache nyumbani.